Ndugu mhariri, ile haikuwa heshima, ulikuwa woga

Ndugu mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, najua nimeandika ndefu na mkitaka kupunguza punguzeni, ila pale kwenye habari za mjukuu wangu naomba msiguse.

Nimesoma barua ya msomaji mwenzangu aliyesema vijana wa siku hizi hawana adabu, hawaogopi polisi, wanajibizana na askari kama wanajibizana na mtu wa rika lao, na kwamba uhalifu wote huu tunaoulalamikia umeanzia hapo, maana enzi zetu askari mmoja na kirungu chake alikuwa anatosha kutuliza mtaa mzima. Hiyo barua imesambaa sana, hata kwenye grupu letu la wastaafu imerushwa na karibu kila mtu ameandika chini yake kwamba mzee kasema kweli. Mi nimeshindwa kuandika hivyo. Nimefanya kazi ya polisi miaka 31, na hicho kirungu anachokisifia nimekishika mimi kwa mkono wangu huu, kwahiyo naona nisiponena itakuwa nimekaa kimya kwenye jambo ninalolijua.

Kwanza ni kweli mtaa ulikuwa unatulia. Nakumbuka tukipita doria jioni maongezi yanakatika, watu waliokaa kibarazani wanavuta miguu, watoto wanaingia ndani, vijana waliokuwa wanacheza karata wanafunika karata hata kama hawachezei hela. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, sare imepigwa pasi, na nilikuwa naamini kabisa kwamba hawa watu wananiheshimu. Ilinichukua muda mrefu sana kuelewa, na sikuelewa nikiwa doria, nilielewa nilipohamishiwa upelelezi. Maana mpelelezi hana kitu mkononi zaidi ya midomo ya watu. Unafika kwenye tukio, duka limevunjwa, nyumba kumi zimelizunguka, usiku wenyewe ulikuwa na mbalamwezi, unagonga mlango wa kwanza hakuna aliyesikia, wa pili hakuna aliyesikia, wa kumi mwenye nyumba anakwambia afande mi nilikuwa nimelala fofofo na macho yake yanaangalia viatu vyako. Mtaa uliokuwa unanyamaza nikipita ndio huohuo uliokuwa unanyamaza nikiuliza. Nyie wenzangu mnaosema askari mmoja alikuwa anatosha, hamkuwahi kukaa na faili mezani miezi minne halina shahidi hata mmoja.

Mtu anayekuheshimu anakwambia kitu. Anayekuogopa anakupisha njia tu.

Alafu kuna hili jingine ambalo ni gumu zaidi kulisema na ndilo linaloniuma. Tunasema zamani uhalifu ulikuwa mdogo. Mi nilikuwa nakaa kaunta, mi ndo nilikuwa naandika kitabu, naomba mniamini nikisema kitabu kilikuwa kidogo kwa sababu mengi hatukuyaandika. Kuna mama mmoja alikuja asubuhi mapema kabla ya kubadilishana zamu, amejifunika kitenge mpaka usoni, akaegemea kaunta na kushika ukingo wake kwa vidole vya mkono mmoja, mkono wa pili alikuwa anaubeba kama anabeba mtoto, umevimba kuanzia kwenye kiwiko. Nikafungua kitabu nikashika kalamu. Mkubwa wangu wa zamu akatoka ndani, akamwangalia, akamuuliza mumeo ndo kakufanya hivi, mama akaitika kwa kichwa, mkubwa akasema haya mama mambo ya ndani hayo, rudi nyumbani mkayamalize, sisi hapa tunashughulika na wahalifu. Nikafunga kitabu. Sikuandika hata jina lake. Alisimama pale kidogo kama anasubiri mimi niseme neno, mi nilikuwa kijana na yule alikuwa mkubwa wangu, na nilikuwa nimelelewa kwamba mkubwa habishiwi, basi nikainama nikajifanya napanga karatasi. Alipoondoka nilisikia kandambili zake mpaka getini.

Sasa hiyo siku kwenye hesabu ya wazee wenzangu ni siku ambayo hapakuwa na uhalifu. Na mimi kwenye hesabu yao ni kijana mwenye heshima, maana sikumjibu mkubwa. Siku hizi wasichana wakienda kituoni wanauliza dawati linaloshughulikia mambo hayo liko wapi, wanadai namba ya kesi, na wakizungushwa wanasema wazi kwamba wamezungushwa, alafu sisi tunasema matukio ya ukatili yameongezeka na vijana hawana uvumilivu. Yapo yaliyoongezeka, sikatai, ila mengine ni yaleyale tu sasa yanaandikwa.

Yule msomaji anaandika kana kwamba watu waliwapenda polisi tangu dunia iumbwe na kizazi hiki ndicho kilichoharibu. Mi tukiwa mafunzoni tulifundishwa historia ya kazi yetu juujuu, nikaja kuisoma vizuri nilipostaafu, na nilichokikuta kilinishangaza. Polisi wa London, ambao nchi nyingi zimeiga mfano wao, walianzishwa 1829 na Robert Peel aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani, na wananchi hawakuwataka hata kidogo, waliona ni jeshi limeletwa kuwakandamiza. Ndio maana walivalishwa bluu, makusudi wasifanane na wanajeshi waliokuwa wanavaa nyekundu, na kila askari akawekewa namba kwenye kola ili raia ajue nani kamfanya nini. Mei 1833 kwenye mkutano wa siasa uliovunjwa na polisi pale Coldbath Fields askari mmoja anaitwa Robert Culley alichomwa kisu akafa. Jopo la raia wa kawaida, watu wazima wenye biashara zao na familia zao, likakaa kuchunguza kifo chake likaamua kwamba aliyemuua alikuwa na haki ya kufanya hivyo kwa namna polisi walivyowashambulia watu siku ile. Uamuzi ulikuja kufutwa na mahakama, lakini wale wajumbe walishangiliwa mitaani kama mashujaa. Hao sio vijana wa simu janja jamani, hao ni mababu wa mababu. Heshima kwa polisi pale London haikukutwa, ilijengwa pole pole miaka na miaka, na palipoharibiwa na askari wenyewe ilibidi kuanza tena.

Na kuna kosa tunalifanya la kuchanganya umri na kizazi. Adolphe Quetelet, yule Mbelgiji wa takwimu, 1831 tayari alishaonesha kutokana na hesabu za mahakama za Ufaransa kwamba tabia ya kufanya uhalifu inapanda kwenye ujana, inafika kilele kwenye miaka ya ishirini na kitu, alafu inashuka kadiri mtu anavyokua. Karibu miaka 200 imepita na wataalamu bado wanaona mchoro wa aina hiyohiyo nchi baada ya nchi. Kwahiyo mzee wa miaka 70 akiangalia kundi la vijana wa miaka 19 na kusema hawa ni wabaya kuliko sisi, mara nyingi analinganisha vijana na wazee, halinganishi wao na sisi tulivyokuwa tuna umri wao. Mi mafaili ya sisi tulivyokuwa na umri huo nimeyaona. Wengine waliomo kwenye grupu letu la wastaafu wamo kwenye yale mafaili, na wala siwataji, ni watu wazuri sana leo.

Hapa niongeze neno kwako mhariri na wenzako, kwa nia njema. 1964 kule Uingereza vijana wa makundi mawili, mods na rockers, walipigana kwenye miji ya ufukweni, kwanza Clacton, baadaye Brighton na kwingine, na magazeti yakaandika kana kwamba nchi imevamiwa. Msomi mmoja, Stanley Cohen, alifuatilia jambo hilo miaka na 1972 akaonesha namna habari zilivyokuzwa kuliko tukio lenyewe, na namna kukuzwa kwenyewe kulivyowafanya polisi wawe wakali zaidi, mahakimu wawe wakali zaidi, na vijana nao waje kwa wingi zaidi kuona hiyo vita iliyotangazwa. Wale vijana leo wana miaka 75 na kuendelea, na sitashangaa kama wapo wanaoandika barua kwenye magazeti ya kwao kulalamikia wajukuu. Mkiandika vijana, vijana, vijana kwenye kila kichwa cha habari cha wizi, mjue askari mdogo anayesoma gazeti asubuhi kabla ya kuingia doria anatoka na hiyo picha kichwani.

Basi niseme la usiku mmoja. Zamani wazazi walikuwa na kawaida ya kutuletea watoto wao watukutu, mzazi anakuja anakwambia pembeni afande naomba umtie ndani usiku mmoja tu aone, aogope, na sisi tulikuwa tunakubali na tunaona tunasaidia malezi. Nilishawahi kupokea mvulana wa miaka 13 namna hiyo, kosa lake alikuwa anatoroka shule na alichukua redio ya baba yake akaifungua fungua ikafa. Nikamweka mahabusu pamoja na watu wazima watatu. Asubuhi alitoka hasemi, baba yake akanishukuru kwa mikono miwili. Miaka sita baadaye nikamkuta kwenye jalada la wizi wa kuvunja, na aliyekuwa naye kwenye hilo jalada alikuwa mmoja wa wale watatu. Sisemi ule usiku ndo ulimharibu, siwezi kuapa. Ila baadaye sana nimesoma kuhusu Marekani, kwenye gereza la Rahway jimbo la New Jersey, walikuwa wanapeleka vijana watukutu wakakutane na wafungwa wa vifungo virefu wawatishe, 1978 jambo hilo likaoneshwa kwenye runinga na likasifiwa sana na kuigwa sehemu nyingi, kisha watafiti walipolinganisha vijana waliopelekwa kutishwa na wenzao wasiopelekwa, wakakuta waliotishwa ndo walioendelea kufanya makosa zaidi. Nilivyosoma hivyo niliweka karatasi chini nikatoka nje. Nilimkumbuka yule mvulana alivyokaa kwenye kona, magoti yamefika kidevuni.

Sasa mjukuu wangu. Ana miaka 20, anakaa na mimi. Mwezi uliopita alirudi usiku saa nne kasoro amekasirika na shavu limevimba. Alikuwa anatembea kwa miguu anatoka kwa mwenzake, simu mkononi, gari la doria likasimama pembeni yake askari akashuka akamwambia we, simama, toa kitambulisho. Akasimama, akatoa kitambulisho, akasema, na haya maneno nilimrudisha mara tatu ili nihakikishe, akasema "Afande samahani, naomba kujua kosa langu." Yule askari akamwambia unanihoji mimi, akampiga kofi, akamwambia geuka urudi ulikotoka. Basi. Hakukamatwa, hakuandikwa, hakupewa hata jina la kosa.

Mimi babu yake, mnajua nilimwambia nini? Nilimwambia mjukuu wangu ungenyamaza tu. Mtu akiwa na sare usimuulize maswali barabarani usiku. Nilisema hivyo kwa kumpenda, nilikuwa naona picha ya mambo mabaya zaidi ambayo yangeweza kutokea na ninayajua. Akaniangalia muda, alafu akaniuliza kwa upole kabisa, "Babu, enzi zako ningekuuliza wewe hivyo, ungenijibu nini?"

Sikuwa na jibu, au nilikuwa nalo na sikutaka kulitoa. Mimi ningempiga. Ningempiga na ningerudi kituoni nikasimulia na wenzangu wangecheka, na jioni ningesema kwenye kibaraza kwamba vijana hawana adabu. Sentensi ya kuomba, yenye samahani ndani yake na afande ndani yake, mi ningeihesabu kuwa ni matusi kwa sababu tu ilikuwa na swali. Nikamwambia, nikasema ningekupiga mjukuu wangu. Akatikisa kichwa, hakusema kitu, akaenda kulala, na mimi sikulala.

Wenzangu wanasema ukianza kumjibu kijana kila anachouliza hutafanya kazi, watakupanda kichwani. Hapana. Nilivyokuwa karibu kustaafu tuliletewa askari wa kike, binti mdogo, tukapangwa naye doria, na siku moja tukakuta vijana kama wanane wamekaa kwenye uzio wa jengo la watu saa tano usiku wanapiga muziki. Mi nilishazoea, nikashuka na sauti yangu. Yeye akanigusa mkono akasema mzee niachie. Akawasalimia. Akawaambia jamani kuna mgonjwa nyumba hii ya pili amepiga simu, hawezi kulala, na hapa mlipokaa ni mali ya mtu, nawaomba msogee kule penye taa na sauti ishuke. Mmoja akauliza kwani kukaa ni kosa? Akamjibu, kukaa sio kosa, kukaa kwenye uzio wa mtu akiwa hataki ni kosa, na kelele saa hizi ni kosa, ila mi sijaja kuandika mtu, nimekuja kuomba. Wakasogea. Dakika mbili hazikufika. Na kilichonishangaza zaidi, yule aliyeuliza swali wiki iliyofuata alikuja kituoni kumtafuta yule binti kwa jina, sio kutafuta polisi, kumtafuta yeye, akamwambia pikipiki iliyoibiwa pale karibu na shule imefichwa wapi. Miaka 31 mimi hakuna kijana aliyewahi kunitafuta kwa jina aniambie kitu.

Kumbe hili linajulikana kitaalamu. Huko Chicago mtafiti anaitwa Tom Tyler alihoji watu zaidi ya 1,500 miaka ya themanini, akiwauliza kuhusu walivyokutana na polisi na mahakama na kama wanatii sheria, na akakuta kwamba watu wanatii zaidi pale wanapoona sheria na wenye kuisimamia wana uhalali, na uhalali huo unatokana sana na kama walisikilizwa, walielezwa, walitendewa kwa haki na kwa staha, hata pale ambapo jibu lenyewe halikuwa zuri kwao. Kuogopa kukamatwa kulikuwa na uzito mdogo kuliko tunavyodhani. Yule binti hakumsoma Tyler, alikuwa amelelewa tu kwamba anayeulizwa anajibu.

Na kwa wale wanaosema bila kuwabana vijana barabarani wezi watatawala, angalieni New York. 1990 waliuawa watu zaidi ya 2,200 mji mmoja kwa mwaka mmoja, ni balaa, na watu walikuwa na haki ya kuogopa. Polisi walikuja kuzidisha mtindo wa kusimamisha watu na kuwapapasa mifukoni, na kufikia 2011 walisimamisha watu mara zaidi ya 685,000 ndani ya mwaka, wengi wao vijana weusi na wa asili ya Amerika ya Kusini, na karibu mara tisa katika kila kumi mtu aliachiwa bila kukamatwa wala kuandikiwa kosa lolote. Yaani mamia ya maelfu ya watu walipapaswa bure. 2013 jaji akaamua kwamba mtindo ule ulivyotumika unavunja katiba, wakubwa wengine wakatabiri damu itamwagika, kusimamisha watu kukashuka sana sana, na mauaji hayakulipuka, 2017 hayakufika 300. Najua miaka iliyofuata hesabu zilipanda tena sehemu nyingi na mambo ya uhalifu yana sababu nyingi, mi sio mtaalamu wa kuzimaliza. Ila utabiri ule haukutimia, hilo liko wazi.

Lingine linalowaudhi wenzangu ni simu. Kila kitu kinarekodiwa. Askari mmoja rafiki yangu ambaye bado yuko kazini ananiambia kaka siku hizi ukimshika mtu mkono unaona simu sita zimenyanyuka, huwezi kufanya kazi. Namuelewa, kwa sababu video ya sekunde kumi haikuoneshi dakika ishirini za kubembeleza zilizotangulia. Ila tusisahau Mei 2020 kule Minneapolis. Taarifa ya kwanza ya polisi ilieleza kwamba mtu mmoja alipata tatizo la kiafya akiwa mikononi mwa polisi akafariki. Ndivyo ilivyoandikwa, na mimi niliyeandika ripoti nyingi naijua lugha ile. Binti wa miaka 17 alikuwa amesimama pale na simu yake, hakuitupa wala hakukimbia, na dunia ikaona goti la askari kwenye shingo ya George Floyd zaidi ya dakika tisa. Askari yule alihukumiwa miaka 22 na nusu. Ingekuwa enzi zetu ile ripoti ndo ingekuwa ukweli, ingepigwa muhuri ikawekwa kabatini. Mi nikijiuliza ni mihuri mingapi ya namna hiyo niliishuhudia nasikia vibaya.

Sasa nisionekane nawatetea vijana kwa kila kitu. Lipo ninalowadai. Simu hiyohiyo wanainyanyua mtu akiwa amegongwa na gari anavuja damu, wanarekodi wanaposti, hakuna anayeinama kumshika. Na kuna hili la wizi wa mtandaoni, kijana mpole, hajawahi kuinua sauti kwa mzee, anakaa chumbani na kompyuta anamlaghai mjane akiba yake yote, na wenzake wanamuona mjanja, wanamwita bosi. Nimeongea na wajukuu wa rafiki zangu kuhusu hilo na kinachonisikitisha ni kwamba hawaoni kama ni wizi, wanasema si alituma mwenyewe. Aliyevunja mlango zamani walau alimsikia mwenye nyumba akipiga kelele, huyu hasikii chochote. Hapa ndipo ningetamani wazee tupeleke nguvu, tuwakalishe hawa vijana na yule mjane uso kwa uso wamsikie anavyoongea, badala ya kupoteza nguvu kwenye suala la nani hakumpisha askari njia.

Lakini tutawakalishaje kama wanajua sisi wenyewe tulifunga vitabu? Watoto wanajua. Mjukuu wangu hajui habari za yule mama wa kaunta, ila anaijua harufu ya hayo mambo, anajua kwamba tukisema heshima mara nyingi tunamaanisha nyamaza. Nimeamua nitamsimulia.

Asubuhi yake baada ya ule usiku nilimkuta amekaa kitandani amevaa tayari. Akasema babu naenda kituoni kulalamika. Nilitaka kumwambia aache, nikajizuia, nikavaa viatu nikaenda naye. Njiani alinionesha nyuma ya simu yake, alikuwa ameandika namba. Alipopigwa kofi macho yake yalikuwa usawa wa kifua cha yule askari, akaisoma namba kwenye sare, akarudi nayo kichwani njia nzima akiirudia mpaka alipofika nyumbani.

Kaunta tulimkuta kijana kama yeye tu, pengine amemzidi miaka mitatu. Mjukuu wangu akamsalimia, akasema nimekuja kutoa malalamiko dhidi ya askari. Yule kijana wa kaunta akaniangalia mimi. Sijui aliniona vipi, sikumwambia kama nilishawahi kuvaa alichovaa, nilikuwa nimemuahidi mjukuu wangu kwamba ataongea mwenyewe. Akageuka nyuma kuangalia mlango wa ndani ambao ulikuwa wazi kidogo na sauti za wakubwa zinasikika. Mi ule mlango naujua. Moyo ulikuwa unanienda mbio kuliko siku yoyote niliyowahi kwenda kwenye tukio. Alafu akavuta kitabu, akakifungua, akasema, "Haya ndugu yangu, anza. Ilikuwa saa ngapi?"

Mjukuu wangu akamtajia saa, akamtajia barabara, akamsomea namba, na yeye akaandika, nikaiona kalamu inavyotembea. Imepita wiki ya tatu sasa na hatujapigiwa simu. Jumatatu tunarudi kuulizia.

Wako,
Askari mstaafu